Jiwe Lililoliwa na Mvua

Mume wangu Édouard hajui kujibu swali kwa neno moja. Mwaka 1964, waasi walipokuwa wameushika mji wetu, nusura mdomo wake unifanye mjane.

Walimkamata kwenye kizuizi chao cha barabarani pale Simi-Simi akiwa na kipande cha jiwe la chokaa, ukumbusho wa kazi yake na Wazungu waliochimba kisima kirefu wakitafuta mafuta. Jiwe lilijaa matundu. Nilipofika mbio, nilimkuta amechuchumaa kati ya bunduki nne, anafundisha.

"Unajaribisha bunduki ya nani?" komanda wao aliuliza. "Hii matundu iko ya masasi."

"Hapana, mon commandant, iko ya maji. Zamani sana hii jiwe ilikuwa juu, mvua ikaikula, ikatoboa mapango. Kiisha udongo ikaifunika, matundu ikabakia. Mafuta inapenda kulala mule. Jiwe ya chokaa bila matundu, mafuta itakaa wapi?"

Komanda akatabasamu. Maji yanayokula jiwe! Dawa yao ya vita, waliyonyunyiziwa na waganga wao, nayo ilikuwa maji, na waliamini inageuza risasi za adui kuwa maji pia. Nikamshukuru Mungu. Laiti mambo yangeishia hapo.

Komanda akaagiza maji ya dawa, akalimwagia jiwe. Tukangoja. Jiwe likalowa, basi.

"Inakawia muda gani?"

Mwenye akili angesema kesho. Édouard akakuna kidevu. "Bon, miaka elfu mia. Kama mvua iko mingi, pungufu kidogo."

"Alors, utakaa hapa mufungwa mpaka iyeyuke."

Hapo hasira ikanipanda. Mji mzima ulijua masharti yao: mpiganaji akiguswa na mwanamke, dawa yake imeharibika. Nikanyoosha mikono yote miwili, nikawaendea polepole kama mama mkwe anayekuja kusalimia. Komanda akarudi nyuma. Bunduki nne zikarudi nyuma. Mmoja akaangukia mtaroni.

"Papa, simama," nikamwambia Édouard. "Tunarudi nyumbani."

Njia nzima nilimshika mkono nikilia, maana nilikuwa nimeogopa kweli.

"Germaine," akasema, "wangetia maji ya ndimu, jiwe ingechemka na povu palepale mbele ya macho yao."

"Na mbona haukuwaambia?"

"Aliniuliza ya mvua, Mama. Ya ndimu hakuuliza."

Nikaubana mkono wake zaidi, nisije nikamrudisha kule mwenyewe.