Nyekundu au Buluu

Mpima maji alidondosha dawa ndani ya kichupa, akakitikisa, akakiinua dirishani. Maji yakigeuka buluu ni laini, boila, tangi la mvuke la kiwanda, inywe. Yakibaki mekundu yana chokaa, ile inayoganda ndani ya mabomba kidogo kidogo mpaka siku moja boila inapasuka. Kazi hiyo aliianza ana nywele nyeusi. Asubuhi hii, kama asubuhi zote za karibuni, aliona rangi ya matope tu.

"Buluu," alisema kwa sauti, ingawa chumbani hamkuwa na mtu.

Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia taratibu, naye akawaficha wote: mkewe, msimamizi wa kiwanda cha dobi, hata mdogo wake anayechochea boila upande wa pili wa ukuta. Mpima maji asiyeona rangi atapewa kazi gani? Alijipa moyo kwamba maji yamekuwa laini miaka yote, yataharibikaje leo. Alikuwa akijidanganya, na alijua.

Mlango ukasukumwa. Shemeji yake, mke wa huyo mdogo wake, aliingia kutoka chumba cha pasi na shuka begani.

"Shemeji, umetutilia saruji kwenye maji? Shuka linasimama lenyewe. Sabuni haitoi povu, na mume wangu anasema boila inanguruma vibaya tangu jana."

Alicheka peke yake. Ngurumo hiyo mpima maji alikuwa ameisikia tangu alipofika, akaisingizia pampu. Sasa alijua haikuwa pampu. Akamnyooshea kichupa.

"Nisomee rangi."

"Huo ni utani gani?"

"Nisomee tu, shemeji. Macho yangu yamekwisha."

Kicheko kikamtoka usoni. Akakitazama kichupa. "Nyekundu. Tena imekolea."

"Kimbia umwambie mumeo azime moto. Sasa hivi."

"Wakiuliza sababu?"

"Waje kwangu."

Alitoka mbio, shuka likabaki sakafuni. Muda si muda ngurumo ikapungua, ikanyamaza. Mashine za kufulia nazo zikafuata, moja baada ya nyingine. Katika ukimya ule viatu vya msimamizi vilisikika vikija kwa haraka. Mpima maji aliona aibu, na pamoja na aibu, nafuu ambayo hakuitarajia. Akavuta kiti cha pili, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akakiweka karibu na dirisha, msimamizi aketi asikie yote.