Vidole Safi vya Chepchirchir

Chepchirchir alikuwa ameinama kwenye mfereji wa kambi ya wachumaji chai, akisugua vidole kwa stiliwaya kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua ugali. Ukungu ulikuwa bado umelalia majani ya chai, na maji yalikuwa ya kuuma mifupa. Alikuwa ameanza na ndimu na majivu tangu Jumapili, kisha akaingia kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo siku hizi dukani hupimwa kwa kifuniko kwa sababu bei ya chupa nzima haishikiki. Weusi wa utomvu wa chai ulikuwa umekaa katika vidole gumba na vya shahada miaka yote aliyochuma, ukaingia katika kila ufa. Asubuhi hiyo ulikuwa umetoka. Vidole vilikuwa vyekundu, laini, vikiwaka moto.

"Mama Chepkurui, utatoboa mfupa!" alisema jirani yake Sellah, akingoja zamu na ndoo. "Unaenda intavyu ama unaenda kuolewa?"

"Cheka tu, Sellah. Ofisi ya kompyuta si shamba. Nikinyoosha mkono nisalimie watu, waone nini? Mkono ya mtu wa kikapu?"

"Na si ndio wewe?"

"Nilikuwa."

Kweli alikuwa. Mashine za kuchuma zilipoletwa, majina ya wachumaji yalisomwa mbele ya banda la kupimia majani, na lake likawamo. Nyumba ya kambi hufuata kazi: kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha. Wote waliosomwa walitakiwa kurudisha funguo Ijumaa. Shamba la marehemu mumewe lilikwisha kuingia mikononi mwa shemeji, na hapakuwa na wa kumuuliza. Palipobaki ni kwa kaka yake huko Chebunyo, upande wa jua, na huko ndiko kulikomkosesha usingizi. Binti yake Chepkurui alikuwa kidato cha nne katika shule ya kutwa iliyo ng'ambo ya shamba. Mtihani wa mwisho hufanywa pale mtu alipoandikishwa, na hakuna mtoto anayeweza kutoka Chebunyo kila asubuhi akarudi jioni.

Ndipo ikaja habari ya kampuni ya teknolojia iliyofungua ofisi mjini Kericho. Ilitaka watu wa kukaa mbele ya kompyuta na kuchora mistari kuzunguka vitu vilivyo kwenye picha, gari, mti, ng'ombe, mtu, ili mashine zijifunze kuviona. Atakayepita angeanza kazi Jumatatu, na kampuni ingemlipia chumba mjini mwezi wa kwanza. Chepchirchir alikuwa na cheti cha kidato cha nne, na kompyuta alikuwa amejifunza jioni katika ukumbi wa kanisa. Akaomba, akaitwa.

Chumba cha kungojea kilijaa vijana wenye viatu vilivyopigwa rangi. Karibu na dirisha alikuwa Onsongo, waliyechuma naye mstari mmoja, amevaa koti lililombana makwapa. Mikono yake ilikuwa myeusi vilevile kama siku ya mwisho ya kazi, naye alikuwa ameificha chini ya bahasha.

"Wewe hukunawa?" Chepchirchir alimnong'oneza.

"Nilinawa. Ikakataa. Nikasema wacha waone mzigo vile iko." Alitazama vidole vya Chepchirchir, akapiga mluzi mdogo. "Ala! Mama Chepkurui, umekuwa mama wa benki."

Msichana mmoja alitoka ndani akiuma mdomo. Wakamzunguka.

"Wamekuuliza nini?"

"Ati najiona wapi baada ya miaka tano. Nikasema hapa hapa Kericho. Wakaangaliana."

"Mimi nitasema najiona nimeshiba," Onsongo akasema, na hata kijana wa Kipkelion mwenye digrii ya hesabu, ambaye goti lake halikuwa limetulia tangu alipoketi, akacheka.

Chepchirchir alipoitwa, alimkuta Wacuka, msimamizi wa ofisi, binti wa watu wenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Alikuwa na macho ya uchovu na sauti ya heshima.

"Karibu, mama. Nitakuambia ukweli. Hii kazi inachosha. Ni kitu kimoja tu, kutoka asubuhi mpaka jioni. Vijana wengi hutoroka. Wewe utaweza?"

"Mimi nimechuma majani mawili na kichipukizi tangu mtoto wangu akiwa mgongoni. Kitu kimoja ndio nimesomea."

Wacuka alicheka kicheko cha kweli. Akamwonyesha picha ya barabara ya mjini, akamwambia achore mistari kuwazunguka watu waliokuwa wakivuka. Chepchirchir aliwazungushia mistari wote, hata mtoto aliyefichwa nusu na sketi ya mamake.

"Mama, hapa umepita," Wacuka alisema, akasimama, akampa mkono. "Kumebaki mtihani wa kompyuta tu, na huo ni kama huu umefanya sasa hivi. Nenda kwa Kiptum akufungulie kompyuta."

Chepchirchir alitoka humo amenyooka kama mwanamke aliyetuliwa mzigo. Moyoni alikwisha kumwona Chepkurui akienda shule kutoka chumba cha mjini, asubuhi, na sweta yake.

Kiptum alikuwa kijana wa mitambo, mwenye nywele zilizokatwa kwa mistari. Kila kompyuta ya mtihani ilifunguliwa kwa kidole cha mwombaji mwenyewe, kile alichokuwa ameandikishia. Chepchirchir aliandikishwa majuma mawili nyuma, akitokea shambani moja kwa moja, vidole vyeusi, na kioo cha kusomea vidole kikamsoma papo hapo.

"Weka kidole, mathe."

Akaweka. Taa nyekundu.

"Toa. Weka tena. Usifinye sana."

Nyekundu. Kiptum alifuta kioo kwa shati lake. Akamwambia apulizie pumzi. Akamwambia apitishe kidole kwenye nywele kipate mafuta. Wakajaribu gumba, wakajaribu cha shahada, wakahamia mkono wa kushoto. Nyekundu. Kijana akaushika mkono wake, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, na uso wake ukabadilika.

"Mathe, hii kidole umefanyia nini? Haina mistari. Iko plain kama sabuni."

"Nimeosha."

"Umeosha na nini?"

Akavikunja vidole kiganjani. Nyuma yake Onsongo, aliyekuwa ameshahojiwa, aliweka kidole chake cheusi kwenye kioo cha pili. Taa ikawaka kijani. Hakufurahi. Alikiangalia kidole kile kama kitu alichokiiba.

"Kijana," akamwambia Kiptum, "wacha nimfungulie. Mimi nitangoja."

"Ikifunguka na wewe, itaandika ni wewe. Na kamera iko juu."

Chepchirchir akatoa kitambulisho, akakiweka juu ya meza, picha ikitazama juu. "Si huyu ni mimi? Angalia."

"Naona ni wewe, mathe. Lakini sistimu haiulizi kitambulisho. Inauliza kidole."

Wacuka aliitwa. Akajaribu mwenyewe, akiushika mkono wa Chepchirchir kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kuandika. Kisha akapiga simu Nairobi. Alieleza, akaeleza tena, kisha akasikiliza muda mrefu. "Ndiyo... Hapana, yuko hapa mbele yangu... Nimemhoji mimi mwenyewe... Sawa."

Akaiweka simu chini.

"Wanasema tufuate utaratibu. Ngozi hurudi, mama. Usishike kazi ngumu, upake mafuta, kama wiki mbili hivi."

"Wiki mbili nitakuwa Chebunyo."

"Na mtihani unafungwa leo saa sita."

"Ulisema nimepita."

"Ulipita." Wacuka alikuwa anatazama meza. "Mama, mimi nakuona. Lakini mimi si sistimu."

Akarudishwa chumba cha kungojea, labda Nairobi wangebadili nia. Saa sita ilifika ikapita. Walioitwa walitoka mmoja mmoja. Kijana wa digrii alitoka akilia kwa furaha, akimwambia babake kwa simu kwamba amepita. Onsongo naye alipita. Alisimama mbele ya Chepchirchir, akavua kofia, akaivaa tena.

"Mama Chepkurui, twende basi. Mvua inakuja."

"Tangulia."

"Nikupeleke mpaka..."

"Onsongo, nimesema tangulia. Kawaambie watoto wako."

Akaenda.

Mvua ya mawe ilianza kugonga mabati, ile ya kila mchana, isiyomsaza mtu. Simu ya Chepchirchir ilitetemeka. Alidhani ni Chepkurui anauliza. Haikuwa yeye. Ulikuwa ujumbe wa kampuni.

*Mpendwa mwombaji. Hukufika kwenye usaili wako wa leo. Asiyefika haruhusiwi kuomba tena kabla ya mwaka kuisha. Asante kwa kutuchagua.*

Aliusoma mara ya pili, akiufuatisha kwa kidole. Kisha akagonga mlango wa Wacuka, akamshikisha simu. Wacuka aliposoma, uso wake uliiva kwa aibu.

"Hii hujituma yenyewe, mama, kidole kisiposomwa. Hakuna mtu ameandika."

"Ifute."

"Siwezi."

"Basi niandikie karatasi kwamba nilifika. Kwa mkono wako."

Wacuka alichukua kalamu. Kalamu ilikaa juu ya karatasi, haikushuka. Labda aliona jina lake mwenyewe likisomwa mahali fulani Nairobi. "Nisamehe," alisema, na hapo ndipo Chepchirchir alipoelewa kwamba hata aliye nyuma ya meza amekodishwa kiti tu.

Hakumtukana. Alirudi kwenye benchi ya kungojea, akaketi, akakunja mikono mapajani, vidole vikichoma.

Alikuwa pale wafanyakazi walipochukua miavuli. Kiptum alipita upande wa ukuta, asimtazame. Wacuka alipita, akasimama kidogo mlangoni, akatoka. Kisha akaja mlinzi, mzee Kiplangat, mwenye koti la mvua na rundo la funguo.

"Mama, tunafunga. Wenzako wametoka zamani."

Chepchirchir akamwonyesha simu. Mzee aliisogeza mbali na macho, akaisoma kwa midomo, polepole. Akamtazama mwanamke aliyekuwa mbele yake, akaitazama simu tena.

"Sasa hii inamaanisha nini?"

"Si umesoma, mzee. Sikufika."

"Lakini lazima utoke, mama. Mimi nitaulizwa."

"Nitatokaje," Chepchirchir akasema, "na bado sijafika?"

Mzee alimrudishia simu yake. Akazitia funguo zake mfukoni. Halafu akaingia ndani akaanza kuzima taa za vyumba vya mwisho, kimoja kimoja, bila haraka, ile iliyokuwa juu ya benchi akaiacha kwanza.