Picha Sita Zilizobaki

Mwaka 1979 Bourhane alifungua studio yake ya picha Moroni, jirani na soko la Volo Volo, na filamu ya rangi ndiyo iliyomlisha. Askari wa kukodiwa, Wazungu waliomlinda rais, waliinunua kwa wingi. Kisha wenye harusi nao wakaitaka, maana dhahabu ya bibi harusi haikuonekana dhahabu katika picha nyeusi na nyeupe. Filamu ya aina hiyo ilisafishwa tu na kiwanda kilichoitengeneza, huko Ulaya. Bourhane aliituma kwa posta, akangoja.

Miaka kumi baadaye wateja walikuwa wamehamia filamu nyingine, zinazosafishwa kwa urahisi. Kiwanda kikatangaza kwamba kinafunga. Mwisho wa kupokea ni Desemba 1989.

Januari iliyofuata alifika mteja mmoja, jina lake Hayati, kwa ndege ya asubuhi kutoka Ouani, kisiwa cha pili. Bourhane ndiye aliyepiga picha za harusi yake, huko kwao Mutsamudu, mwezi wa Julai. Oktoba baba yake, Mzee Salimou, alifariki. Hakuacha picha nyingine.

"Picha zangu ziko wapi, fundi?"

Bourhane aliweka kamera mezani. "Bado zimo humu."

"Tangu Julai?"

"Zilibaki picha sita za kupiga, binti yangu. Filamu ni ghali, hatuitumi mpaka iishe. Nikangoja harusi nyingine. Mara rais akauawa, ndege zikakatika. Sasa kiwanda kimefungwa."

"Sita! Si ungepiga hata mbuzi wa Volo Volo?"

"Ningepiga."

Hayati hakulia. Aliitazama kamera kama mtu anayengoja zamu yake posta.

"Naweza kuisafisha hapa kwa dawa za nyeusi na nyeupe," Bourhane alisema. "Ila rangi itapotea moja kwa moja. Au uitunze, huenda siku moja akapatikana wa kuisafisha."

"Atapatikana?"

"Sidhani."

"Joho la baba lilikuwa la kijani. Nililichagua mimi."

"Nakumbuka."

"Kijani nitakikumbuka mwenyewe. Uso ndio umeanza kunipotea. Safisha."

Alasiri Bourhane alitoka na picha mbichi, ya kijivu, yenye madoadoa. Mzee Salimou alikuwa ameangalia pembeni, mdomo wazi, akimwambia jambo mtu asiyeonekana pichani.

"Ndiye," Hayati alisema. "Nitolee tatu. Moja ya mama."

"Hii ya mdomo wazi? Zipo alizotulia."

"Hiyo hiyo, fundi. Baba lini alinyamaza?"