Chai ya Marehemu Bisun

Dhanmati alisimama mbele ya rafu ya maziwa hadi mguu wa kulia ukafa ganzi. Wa kushoto ulikuwa na ganzi yake toka zamani.

"Mama, tutalala hapa?" aliuliza Roshni, mke wa mwanawe, akiegemeza kapu juu ya mimba yake.

"Nisomee tena, mwanangu."

"Ya ng'ombe: wanga gramu kumi na mbili kwa glasi. Yaliyoondolewa mafuta: kalori zimepungua, wanga ule ule. Haya ya lozi, yasiyotiwa sukari, wanga haufiki hata gramu mbili."

"Na kalori?"

"Kidogo mno. Haya ni maji yaliyopita karibu na lozi, Mama."

"Basi hayo hayo. Mimi mguu wangu naupenda."

Alisema kwa mzaha, lakini Roshni hakucheka. Habari za miguu hazichekwi mjini Labasa, ambako harufu ya kiwanda cha sukari hulala hadi kwenye shuka na kila ukoo una mtu aliyekatwa kitu. Bisun, mumewe Dhanmati, alianza kwa kidole, ukafuata mguu, akafuata mwenyewe. Magongo yake yalikuwa bado nyuma ya mlango wa jikoni. Roshni aliwahi kutaka kuyagawa, mama mkwe akang'aka kama aliyeguswa jicho.

Sasa Dhanmati naye alikuwa na kidonda kwenye kidole gumba. Alichomwa na mwiba wa mlimau asihisi kitu. Aliona damu sakafuni, akauliza nani kajikata. Mereoni, muuguzi wa zahanati, hakumficha: sukari ikishuka kidonda kitapona, isiposhuka kisu kitaingia. Dhanmati akaacha wali, akaacha mihogo, akaacha hata peremende za kwenye mkoba. Chai tu ndiyo iliyomshinda, na kwake chai isiyo na maziwa ni ya msibani. Ndiyo maana ya yale ya lozi.

Kila asubuhi na kila jioni alichemsha vyungu viwili. Chake kilikuwa cha tangawizi na maziwa ya lozi, rangi kama maji ya kuoshea vyombo. Cha pili kilikuwa cha Bisun, kwa maziwa mazito ya kopo, yale matamu yanayonata kijikoni, kama alivyopenda alipokuwa hai. Alikiweka kikombe mbele ya picha yake yenye shada la maua, akawasha udi.

"Haya mzee, chai. Jirani kauza ng'ombe wake. Mjinga yule."

Mvuke ukiisha, marehemu amekunywa fungu lake. Kinachobaki ni baraka, na baraka haimwagwi. Mwanamke mkubwa wa nyumba huimaliza. Dhanmati aliimaliza akiwa wima, upesi, hadi tone la mwisho.

Sukari haikushuka. Ilipanda. Kisha wakaja sisimizi, kwanza mlangoni pa choo wakifuata sukari ya mkojo, halafu kwenye ndala zake. Alizihamisha, wakazifuata. Siku za mwisho za Bisun walikuja hivi hivi, na Dhanmati aliogopa hata akaacha kuzitazama ndala zile kabla ya kuzivaa.

"Mama, unakula sukari kwa kuiba?" aliuliza Roshni.

"Naapa mbele ya picha ya baba yenu, sijaonja!"

Na hakuwa anadanganya. Ndiyo balaa lenyewe.

Zahanatini, Mereoni alikifungua kidole. Kilikuwa kimeanza kuwa cheusi.

"Nitajie kila kinachopita kinywani."

Dhanmati akataja. Mboga, roti moja, chai ya lozi.

"Na chai ya Baba?" Roshni akachomekea.

"Ile si yangu. Ile ni ya Bisun."

"Bisun ni nani?" aliuliza Mereoni.

"Mume wangu. Amefariki."

"Sasa chai yake anakunywa nani?"

Dhanmati alipoambiwa aiache leo leo, aliitikia kwa kichwa, macho chini. Jioni ile akainywa kwa mara ya mwisho. Na kesho yake pia ikawa ya mwisho. Kumwaga chai ya Bisun ilikuwa ni kumwambia afe tena.

Wakamkata chini ya goti.

Roshni alikuja wodini na chupa ya chai ya lozi, mimba imemtangulia.

"Baba yenu mnampa chai?" Dhanmati aliuliza, ulimi mzito wa dawa.

"Asubuhi na jioni, Mama. Ya kopo, kama apendavyo."

"Na baraka?"

Roshni akaona haya, kama mtu anayengoja sifa. "Wewe hupo, mkubwa wa nyumba si mimi? Ningeimwagaje?"

Dhanmati alitazama blanketi pale ambapo palipaswa kuinuka miguu miwili, na umeinuka mmoja. Akaogopa kuliko siku ya kisu.

"Imwage. Leo hii. Imwage hata mlangoni!"

"Mama! Atatukasirikia."

"Na akasirike! Mguu wangu ameshaupata, wako anautakia nini?"

Roshni akaitikia kwa kichwa, macho chini.

Dhanmati aliujua ule mwitikio. Aliushika mkono wa mkwewe, akaukaza, na kengele ya kuwatoa wageni ilipolia hakuuachia.