Kokoto Lililochanua kwa Mama Gédéon

Katika Kisangani nzima hakuna mwanamke mwenye mkono wa maua kama mimi. Bon, matembele yamenishinda, na matembele huota hata ukiyatupa nyuma ya choo.

Mjukuu wangu Glodie anasoma Namibia, kule kwenye jangwa. Mwaka jana alituma vikopo viwili, kimoja changu, kimoja cha jirani yangu Rachida. Ndani ya kila kimoja, mmea mdogo, mnene, unafanana kabisa na kokoto lililopasuka katikati. Maelezo hakutuma.

Rachida, wacha niseme ukweli, ni fundi. Miaka thelathini maua ya arusi zote za avenue yetu yanatoka kwake, na mimi nabeba viti. Kokoto lake alilimwagilia asubuhi na jioni, kama anayenyonyesha. Wiki ya pili likawa utelezi kama bamia, dongo-dongo iliyoiva sufuriani.

Langu nililiweka dirishani, jua linapopiga, nikalisahau miezi saba. Siku ya kufuta vumbi, maana Glodie alikuwa anakuja likizo, nikakuta ua la manjano, kubwa kuliko mmea wenyewe.

Nilitoa meza nje, nikatandika kitambaa cha Pasaka, nikakaa kando kama mama wa bibi arusi. Watu walipita, wakarudi, wakapiga picha. Rachida naye akaja, akalitazama, kisha akaniuliza nalifanyia nini. Akaniuliza mimi, tena kwa heshima. Donc nikamwambia: kila asubuhi, kabla ya chai, kikombe kimoja cha maji ya mto Tshopo yaliyolala usiku. Akaitika kama mwanafunzi. Miaka thelathini nilikuwa naingoja ile sauti.

Glodie akafika kutoka uwanja wa ndege wa Bangboka, akanikumbatia, akalishangilia ua. Rachida alikuwa hapo hapo, akamwomba mmea mwingine.

“Mara hii sitakosea,” akasema. “Nitaupa kikombe kila asubuhi, vile bibi yako, Koko, alinifundisha.”

Glodie akacheka. “Kila asubuhi? Ah non, Mama Rachida, itaoza. Hii iko mutoto ya jangwa, inamaliza miezi bila maji.”

Akachomeka kidole kwenye udongo wa kopo langu. Kikatoka cheupe kwa vumbi.

Mimi nikaanza kukunja kitambaa.

“Mama Gédéon,” Rachida akasema taratibu, “ile kikombe ya kila asubuhi ulikuwa unamimina, ama unakunywa?”