Gauni Lililopunguzwa Mara Mbili

Kutazama filamu na Ghislaine ilikuwa kazi. Si kwamba hakufurahi; alifurahi kuliko wote, ila furaha yake yote ilikuwa katika kuikosoa filamu tangu jina la kwanza linapotokea hadi la mwisho. Kila Jumapili baada ya misa alitoka mtaa wa Nyawera, alikokuwa na cherehani yake na wateja wake, akapanda mlima hadi mtaa wa Kadutu kwa kaka yake Mushagalusa, flashi ya filamu mkononi na karanga kwenye mkoba. Umeme ukiwepo, Laurette, binti wa Mushagalusa, aliwasha televisheni. Usipokuwepo, Ghislaine aliwasimulia filamu ya wiki iliyopita na kuitukana upya, na wengi pale nyumbani walisema hiyo ndiyo ilikuwa tamu zaidi.

Alikuwa na aina mbili za filamu. Kulikuwa na zile za zamani, za Wazungu wenye majumba na magauni ya kufagia sakafu. Hizo alizitazama kwa ajili ya kazi, maana wateja walimletea picha za mikono iliyovimba mabegani na viuno vilivyobanwa, wakitaka vivyo hivyo kwa kitenge. Lakini hapo ndipo hasira yake ilipoanzia. Msichana wa filamu analia kuanzia mvua hadi kiangazi kwa sababu baba yake anataka kumwoza kwa mzee mwenye mashamba. Hali chakula, halali usingizi, anasimama dirishani tu. Ghislaine alisimamisha filamu na kumwonyesha Laurette kwa kidole.

"Angalia kiuno. Miezi sita analia, na gauni inamukaa sawa na siku ya kwanza. Ule hakulia hata siku moja."

Alisema mtu mwenye huzuni nguo zake ndizo zinazojua kwanza, na fundi ndiye wa pili. Alitaka pia kujua ni nani anayechota maji ya kufulia hayo magauni yote, na mbona huyo hapewi hata dakika tano za kuonekana.

Aina ya pili ilikuwa filamu za mapenzi ya kuchekesha, na hizo alizichukia kwa uaminifu mkubwa, bila kukosa hata moja. Mwanamume na mwanamke wanagombana dukani asubuhi; mtoto wa miaka minne anajua wataoana. Mwanamume anadanganya kwa saa nzima, kisha anakimbia hadi uwanja wa ndege, anaomba msamaha mbele ya wasafiri wasiomjua, na mambo yanaisha. Hakuna shangazi aliyeulizwa, hakuna mjomba aliyenuna. Hata hivyo, kitu kimoja kilimtoa povu kuliko vyote: bibi harusi anayekataa siku yenyewe, watu wamekwisha kukaa. Kwanza, daima kuna mwingine mzuri zaidi anayemngoja mlangoni. Pili, yule anayeachwa wamekwisha kumfanya mjinga au mwenye kiburi tangu mwanzo, ili mtazamaji asimhurumie.

"Na nani anamurudisha ule kijana kwabo?" aliuliza kila mara. "Ile habaonyeshake."

Siku moja ya mwezi wa tatu aliongeza neno. Alisema yule msichana alikuwa na mdomo jana, alikuwa nao juzi, kwa nini aufungue leo? Mtu anayekataa siku ya mwisho ni wa filamu tu. Kwetu mtoto mwenye akili hafanyi hivyo. Wote wakacheka. Laurette naye alicheka, akaendelea kutoa maganda ya karanga na kuyapanga gotini kwake moja moja.

Wakati huo Gentil, mchumba wa Laurette, alikuwa amekwisha kujulikana nyumbani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Nyangezi, kijana mtaratibu, mwenye sauti ya chini na mashati yaliyopigwa pasi. Barua ya posa ya familia yake ilikuwa imekuja na kujibiwa. Siku ya kuleta mahari iliwekwa Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mvua zikiisha, na hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake. Nyumba nzima ilimpenda, na nyumba nzima ikipenda mtu, ni rahisi kusahau kumwuliza mmoja.

Kwa kuwa shangazi, Tantine kama Laurette alivyomwita, Ghislaine alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kushona gauni. Alimpima Laurette siku chache baada ya Pasaka. Mwezi wa tano alipolijaribisha, kiuno kilipwaya. Alilaumu futi yake ya kitambaa, akasema imezeeka na kuvutika, akapunguza. Siku tatu kabla ya sherehe likapwaya tena. Safari hii aliwalaumu wasichana wa kwenye simu wanaotaka wembamba wa sindano, akapunguza tena, pini mdomoni, huku akimsimulia Laurette filamu mpya aliyoiona, mbaya ajabu. Laurette alisimama wima mbele ya kioo na kuitika mahali pa kuitika.

Kazi ya pili ilikuwa kumtoa binti nje. Wageni wakishafika na kukaa, msemaji wao anaomba kumwona mtoto waliyemfuata. Shangazi anatoka peke yake na kusema hayupo, amesafiri, njia ni mbaya, hana hiki wala kile. Wageni wanacheka na kutoa zawadi walizokuja nazo tayari kwa mchezo huo, naye anarudi ndani. Mara ya tatu ndipo anatoka na binti aliyefunikwa kitenge, vigelegele vinapigwa, na baba anamwuliza mbele ya watu wote kama mali ya hawa wageni ipokelewe. Binti anasema ndiyo. Ghislaine alikuwa ameshatoa mabinti wanne wa ukoo kwa namna hiyo, na alijua kuwachekesha watu hadi wakashika mbavu.

Jumamosi ikafika. Uani turubai lilifungwa, viti vilijaa hadi njiani, na nyumba nzima ilinukia nyama na ndizi. Msemaji wa wageni alikuwa Hugues, mjomba wa Gentil, mtu wa maneno. Ghislaine alitoka mara ya kwanza akasema Laurette amekwama mlimani kwa sababu hana viatu. Hugues akatoa kartoni ya viatu vyeupe. Alitoka mara ya pili akasema viatu amevaa, lakini baridi ya njiani inamzuia. Wakatoa kitenge kizuri, kikapokelewa kwa makofi. Alirudi chumbani akiwa bado anacheka, kartoni na kitenge mikononi, tayari kumchukua mtoto.

Laurette alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Aliinua uso, akatabasamu. Ghislaine alilijua tabasamu lile. Alikuwa amelikosoa mara mia: meno yote nje, macho hayamo. Akamwambia asimame amnyooshee gauni, akashika kiuno kama afanyavyo kwa kila mteja, na ngumi yake nzima ikaingia kati ya kitambaa na mwili.

Siku tatu tu. Alikuwa amelipunguza siku tatu zilizopita kwa mkono wake mwenyewe.

Fundi haendi popote bila pini. Ghislaine alikuwa nazo nne zimechomwa kifuani, na mkono wake, kwa mazoea, ulichomoa moja. Pini moja nyuma, kitenge juu, hakuna ambaye angeona. Aliishika pini hiyo kwa muda. Kisha aliuliza kwa sauti ndogo kama Laurette anamtaka Gentil.

"Gentil hana kosa," Laurette akasema. "Hakuna mwanaume mwingine, Tantine. Simupendi tu. Nilifikiri itakuya, haikukuya."

"Ju ya nini hukusema?"

"Weye njo ulisemaka: mutu mwenye anakatala siku ya mwisho ni wa filme. Nikajiambia nitasema mbele ya ile siku. Kisha ikakuwa tayari siku ya mwisho."

Ghislaine alikaa kitandani kando yake. Aliona aibu, aibu kubwa ya mtu mzima. Alikuwa ameziona nguo za wanawake wa miaka mia mbili iliyopita, wa nchi asizozijua, na kuzihukumu. Na gauni hili, lililopita chini ya sindano yake mara mbili, hakuliona kwa sababu alikuwa akizungumza. Alimwuliza Laurette atajibu nini baba yake akimwuliza pale nje. Laurette akasema atajibu ndiyo. Watu ni wengi, hataweza kujibu lingine.

Nje walianza kumwita shangazi kwa wimbo. Ghislaine aliwaza juu ya kaka yake, aliyewaalika majirani wa njia nzima, na juu ya nyama iliyokuwa jikoni. Aliwaza pia juu ya Mama Gentil, aliyevaa vizuri sana. Kisha alirudisha pini kifuani mahali pake, akachukua kartoni na kitenge, akatoka peke yake.

"Mutoto hatakuya," akasema.

Wakacheka. Wakacheka kuliko mara zote mbili, kwa sababu uso wake ulikuwa mkavu na waliona anaigiza vizuri kupita kiasi. Hugues akasimama, akauliza kama sasa binti anataka ndege, na makofi yakapigwa. Ghislaine alirudia maneno yaleyale, nao wakacheka tena. Maisha yake yote alikuwa akilalamika kwamba waigizaji hawaaminiki, na leo, kwa mara ya kwanza aliposema kweli tupu mbele ya watu, hakuna aliyemwamini.

Basi akaacha kusema. Alitembea kati ya viti hadi kwa Mama Gentil, akaweka kartoni ya viatu mapajani mwake, na kitenge juu ya kartoni. Hilo halimo katika mchezo. Kitu kilichopokelewa hakirudi, kila mtu pale alilijua hilo. Kicheko kilizimika mbele kwanza, kisha katikati, na nyuma kabisa kuna mtu aliyeendelea kucheka peke yake kidogo, akanyamaza.

Mushagalusa alimfikia dada yake kwa hatua tatu, akamwuliza chini chini kama amerukwa na akili.

"Usimuulize hapa," Ghislaine akamwambia. "Ingia ndani, umuangalie. Ukimuangalia na ukaona nimekosa, nitakuya kumutoa miye mwenyewe."

Akaingia. Alikaa huko muda mrefu, wageni wakitazama mikono yao. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu, na alizungumza polepole. Aliwaomba radhi watu wa Nyangezi. Alisema kosa ni la nyumba yake, si la kijana wao, na kwamba chakula kimepikwa kwa ajili yao, angeshukuru wakila. Wachache walikula. Hugues hakula, alisema mambo mengine, makali, na alikuwa na haki ya kuyasema. Mama Gentil alimtazama Ghislaine mara moja tu, na Ghislaine hakulisahau jicho hilo.

Magari hayafiki kwa Mushagalusa. Wageni walishuka kwa miguu vichochoro vyote vya ule mlima, wakiwa wamevalia nguo zao za sherehe, majirani wakisimama milangoni. Gentil alitembea nyuma ya wote, kartoni ya viatu mikononi, kwa kuwa mama yake alikataa kuishika. Hakuna aliyemwambia Ghislaine aende naye. Alijikuta tu yuko kando yake, akishuka polepole. Katika filamu huyu angekuwa mjinga au mwenye kiburi, na ingekuwa rahisi. Huyu alimshika Ghislaine kiwiko, asianguke, alipoteleza kwenye mawe.

Katikati ya mteremko Gentil alizungumza, bila kumtazama.

"Miye nilijua tangu Pasaka, Tantine. Nilikuwa nangoya mutu aseme."

Ghislaine akauliza kwa nini yeye mwenyewe hakusema. Gentil akajibu kwamba mama yake alikuwa amekwisha kuwaambia watu juu ya harusi. Walishuka hatua kadhaa.

"Laurette alinielezaka filme zenu," akaendelea. "Nilikuwa nacheka sana. Alisema Tantine yake anaulizaka kila siku nani anamurudisha ule kijana kwabo."

Ghislaine alinyoosha mikono, akaichukua ile kartoni ya viatu, akaibeba yeye mwenyewe hadi chini barabarani, gari lilipokuwa likiwangoja.