Pigo Moja Ndani ya Mti

Mita ilisema sifuri. Dereva wa mashine ya kukatia miti akaibana tena kwenye gome. Sifuri.

"Mtupu huo," msimamizi akasema. "Kata, dada, majua yote mawili yameshachomoza."

Mtupu wapi! Kaka yake alikuwa ndani. Kiangazi kilipoanza alimsindikiza yeye mwenyewe mpaka hapa, akamkumbatia pamoja na mkewe, mwenyeji wa msitu huu, akawatazama wakijibanza ndani ya shina mpaka gome likajifunga. Ndivyo wenyeji wa sayari hii walivyovuka kiangazi tangu enzi na enzi: hulala ndani ya miti, mvua ikinyesha hutoka. Kaka mtu alipooa huko alijifunza kulala kama wakwe zake, na dada akamtania kwamba hatimaye amepata kazi anayoiweza.

Kampuni iliyoshusha watu na mashine hapa nayo haikukosa maneno matamu. Iliwaahidi wenyeji kwamba mti wenye mtu hautakatwa, ikaleta mita za kusikiliza mapigo ya moyo. Mita husikiliza kidogo tu, ikikosa kitu inasema sifuri. Hakuna aliyejisumbua kuuliza moyo wa mtu aliyelala msimu mzima unapiga mara ngapi. Huko ndiko kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Bosi, kaka yangu yumo humu."

"Mita imesema hayumo."

"Basi tuiache isikilize zaidi."

"Unataka unga wetu sote umwagike? Shuka, mwenzako akate."

Dereva akachomoa ufunguo wa mashine, akautumbukiza kifuani. "Haya, njoo uuchukue."

Msimamizi akarudi nyuma, akawaita walinzi kwa redio. Dereva akaibana mita kwenye gome, kidole hakibanduki kwenye kitufe chake ili iendelee kusikiliza. Wafanyakazi wakakusanyika, wengine wakicheka. Jasho lilimtiririka, mkono ukafa ganzi.

"Kaka," akanong'ona, "uvivu wako naujua tangu utotoni, lakini leo jikaze kidogo."

Walinzi wakafika mbio. Mmoja akamshika kiuno, akaanza kumvuta.

Mita ikalia. Pigo moja, zito, kila mtu akalisikia. Mlinzi akamwachia. Walisubiri, na baada ya muda mrefu likaja lingine.

"Yumo! Si niliwaambia yumo!" Alicheka huku akilia, akalibusu gome.

Alipogeuka, aliwakuta wote wametazama uwanjani, kwenye magogo yaliyongoja kupakiwa. Yalikuwa bado yanachuruzika utomvu mwekundu, na kwa kuwa miti yote ya huku ilitoa utomvu wa rangi hiyo, hakuna aliyewahi kuuangalia mara mbili. Dereva wa pili alikuwa ameshika kichwa.

"Na ule wa jana?" akauliza.

Ule wa jana dada mtu aliukata kwa mikono yake mwenyewe, akiimba.